Mwaka Ambao Rangi Zilikataa Kushika

Mama Zaina alizikwa Kolwezi siku ya Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, na mimi sikuwepo. Siku hizi naishi Dilolo, mpakani, na mvua za mwaka huu zimeikata barabara mahali pengi kiasi kwamba hata malori makubwa yanangoja upande huu wa matope. Mpwa wake alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu, mikono imejaa sukari ya unga, nikipamba keki ya ubatizo. Alisema, "Yaya Monique," kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "mama ametuacha," na nyuma yake nikasikia wanawake wakilia. Tulipoagana nilirudi mezani nikaendelea kuchanganya rangi, kwa sababu wenye keki walikuwa njiani kuja kuichukua. Ilikuwa zambarau hafifu. Niliichanganya kama alivyonifundisha yeye, nyekundu kidogo sana, buluu zaidi kidogo, kisha nikaiacha bakulini pembeni bila kuigusa, maana rangi mbichi humdanganya mtu. "Uache ipumuzike," alikuwa akisema. "Rangi ya asubuhi haiko rangi ya jioni." Hivyo ndivyo nilivyomlilia, nikiwa nimesimama, nikingoja rangi ikomae.

Watu wengi wa Kolwezi wanaomkumbuka Mama Zaina wanakumbuka siku moja tu ya maisha yake, siku aliyosimama uani kwake na glasi mkononi mbele ya mtaa mzima. Nimeisikia habari hiyo ikisimuliwa hata huku Dilolo na watu wasiojua kwamba mimi ndiye niliyemjazia glasi zile. Wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema alikuwa mchawi, wengine wanasema alikuwa mtakatifu. Mimi niliishi naye mwaka ule wote, nikala naye, nikalala nyuma ya ukuta wake, na najua hakuwa hili wala lile. Kwa hiyo nataka kuuandika mwaka wenyewe, si siku ile peke yake.

Nyumba ya Mama Zaina na mumewe ilikuwa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao mwanzoni mwa mwaka ule ulikuwa bado mtaa wa kawaida wa matofali na mabati, wenye mahindi yaliyopandwa katikati ya nyumba. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimetoka Sandoa, nimepokelewa pale nijifunze kazi na kusaidia nyumbani. Chumba cha mbele, ambacho wengine wangekiwekea viti vya wageni na televisheni, Mama Zaina alikuwa amekifanya chumba cha keki. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa laini na baridi, na hakuna aliyeingia na viatu, hata mume wake. Kulikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha mpira chenye maua, na rafu ya mabakuli yaliyopangwa kwa ukubwa. Chupa za rangi, zile ndogo zinazoletwa kutoka Lubumbashi, na vipakiti vya rangi ya unga, hakuviweka kwenye rafu. Alivificha gizani, ndani ya bati la biskuti, kwa sababu jua linaua rangi, na waridi ndiyo inayokufa ya kwanza. Hata leo sijapata chumba kilichonipa utulivu kama ule. Nilikuwa naingia asubuhi, nanusa vanila na saruji iliyomwagiwa maji, nasahau kwamba nje kuna vumbi.

Alinifundisha polepole, bila kunisifia. Krimu ya majarini, alisema, ina umanjano wake. Ukidondosha buluu moja kwa moja utapata kijani cha bwawa, na bibi harusi atalia. Kwanza uue ule umanjano kwa chembe ya zambarau kwenye ncha ya kijiti, ndipo buluu ije ikiwa buluu. Nyekundu ukiizidisha inakuwa chungu ulimini, kwa hiyo kwa nyekundu nzito alianza na waridi iliyoiva, akaifunika mpaka kesho yake, na asubuhi ilikuwa imepanda yenyewe. Nyeusi hakuianza kwenye nyeupe, aliianza kwenye kakao. Wanaharusi walipokuja na kipande cha kitenge ili keki ifanane nacho, alikishika kwanza dirishani, kisha mlangoni, kisha kwenye kona yenye giza, halafu akauliza, "Utakata gato yako inje ao mu salle? Taa ya pale iko nyeupe ao iko ya manjano?" Walimshangaa kuulizwa kama keki itakatwa nje au ukumbini. Lakini siku ya harusi keki ilipowekwa chini ya taa ile ilikuwa rangi ya kitenge, na wanawake walisogea kuigusa kwa vidole kuhakikisha kwamba haikuwa kitambaa.

Mume wake, Tata Ramazani, kwani baba kule tulimwita tata, alikuwa msafirishaji, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka mashariki zamani zikashika biashara ya barabara. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kuongea chini chini. Lori lake lilikuwa limekufa injini na limesimama uani tangu kabla sijafika. Mchana kutwa miguu yake ilikuwa inaonekana chini ya lori hilo, na jioni alinawa mafuta kwa mchanga na sabuni kabla ya kuswali. Hakuwahi kunipandishia sauti. Akirudi kutoka sokoni aliniletea mahindi ya kuchoma, akayaweka mezani bila kusema kitu. Nayaeleza haya kwa sababu watu wanaoisimulia habari hii humfanya mtu mbaya tangu mwanzo, na mimi nisingeweza kuandika uongo huo hata kama ungenirahisishia kazi.

Kisha jirani mmoja, akichimba shimo la choo, alikuta jiwe jeusi linaloacha mkono mchafu. Kobalti. Kabla ya mahindi kukauka, mtaa wote ulikuwa umegeuka. Kila ua lilikuwa na turubai la rangi ya chungwa lililofunika shimo, na vijana waliotoka kila upande wa nchi walikuwa wanapanda na kushuka kwa kamba, miguu mitupu, taa zimefungwa kichwani. Watu walivunja sakafu za vyumba vyao vya kulala. Tata Ramazani aliyaona yote hayo akiwa amelala chini ya lori lake, na siku moja, tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, alisema, "Jirani bote banachimba. Sisi tunabakia kuangalia tu, sawa bageni."

"Mu chumba yangu, apana," Mama Zaina alisema kabla hajamaliza.

"Haiko mu chumba yako. Inyuma, kati ya choo na ukuta."

"Na nyumba ikianguka?"

"Haitaanguka. Nikipata kidogo natengeneza gari, nafunga shimo. Minakuahidi."

Mama Zaina alikata tonge akalichovya, akalirudisha sahanini bila kulila. Nilijua kwamba ameshindwa, na yeye alijua kwamba namtazama. Wiki ile ile vijana walifika na nyundo zao. Shimo likashuka, kisha likaanza kutambaa kwa pembeni, kwa sababu mshipa wa jiwe haufuati mpaka wa kiwanja cha mtu. Nyundo zilisikika chini ya sakafu yetu kama mtu anayebisha hodi kutoka ardhini. Chupa zilitetemeka ndani ya bati. Nilijifunza kupiga ua la krimu kati ya pigo na pigo, nikivuta pumzi na kungoja, na Mama Zaina akafanya hivyo hivyo, wala hatukuwahi kulizungumzia. Ni ajabu jinsi mtu anavyozoea. Siku nyundo ziliponyamaza ndiyo tuliyotazamana kwa hofu.

Mvua zilianza, na asubuhi moja Tata Ramazani alikuja na madumu ya maji ya pampu ya kanisani juu ya baiskeli. "Kuanzia leo," alisema, "mayi ya kunywa na ya kupika nitakuwa naleta ku forage, pale ku kanisa. Ya kisima mvua imeichafua."

Nilikuwa nimetoka kuchota kwenye kisima chetu cha uani. Maji yalikuwa meupe ndani ya ndoo. "Inaonekana safi, tata," nikasema.

"Ya kunywa," akarudia, hakunitazama. "Kufua, kusafisha, iko muzuri tu."

Mama Zaina alimsifia kwa majirani. Mwanamume anayechota maji mwenyewe, walisema, huyo ni wa kumshika kwa mikono miwili. Nasi tukaendelea kama tulivyoambiwa: tulikunywa maji ya madumu, tukapikia maji ya madumu, na kwa kazi nyingine tukatumia kisima. Ndani ya chumba cha keki kulikuwa na ndoo ya kisima tuliyooshea mabakuli, na kutoka ndoo hiyo hiyo tulichukua yale maji kidogo ya kulainishia rangi ya unga na sukari. Kijiko, vijiko viwili. Hakuna aliyeyafikiria kama maji ya kunywa, maana hakuna aliyekuwa anayanywa.

Ndipo rangi zikaanza kukataa kushika. Nilichanganya waridi asubuhi, na kufika mchana ilikuwa imepauka kama karatasi ya zamani. Buluu iligeuka kijivu. Kijani cha majani kilibaki manjano ya mgonjwa. Mama mmoja alirudisha keki ya mwanawe huku akisema kwamba aliagiza keki, si mkate. Mama Zaina aliugeuzia ugomvi upande wa muuzaji. "Bananiuzia rangi ya kufa," alisema, akaenda kununua kwa mwingine, na zile nazo zikafa. Akazikagua kwa kitambaa kilicholowa, akazionja kwa ncha ya ulimi. Zilikuwa nzuri. Mara zilishika siku nzima, mara zilikufa kabla ya chakula cha mchana, na hatukuona sababu. Siku moja nilimkuta dirishani ameshika kisahani cha waridi, anakisogeza karibu na macho na kukirudisha mbali.

"Monique, hii unaiona rangi gani?"

"Roze, mama. Roze inaisha."

"Mi pia naiona vile." Akaketi. "Nilifikiri pengine macho yangu njo inazeeka. Nilikuwa nasema, kama macho inaenda, nitakuwa nani?"

Nilikipokea kisahani nikakiosha kwenye ndoo ya kisima. Mara nyingine ndoo ilinukia kama nguo zilizofuliwa, na tuliamini ni sisi wenyewe, maana ovaroli za wachimbaji zilifuliwa uani petu kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo. Ningekuwa na akili niliyo nayo sasa ningejua mara moja. Leo nikisikia harufu hiyo karibu na bakuli langu naimwaga kazi yote naanza upya. Lakini wakati ule nilikuwa najua rangi tu. Sikujua kitu kinachoua rangi, wala sikujua kwamba mtu anaweza kukimwaga kisimani alfajiri kabla sisi hatujaamka.

Karibu na mwisho wa mvua tulipata keki ya harusi ya jirani, nyumba chache kutoka kwetu. Dada wa bibi harusi, ambaye wote tulimwita Mama Naomie, alikuja kuchagua rangi pamoja na binti yake Naomie, mtoto mdogo aliyekuwa bado hana meno ya mbele, ambaye angebeba maua mbele ya maharusi. Mama Zaina alimpandisha kwenye kiti. Alimpangia visahani mezani, waridi, manjano, kijani, buluu, akamwuliza, "Wewe unataka gani, mama yangu?"

Naomie alivitazama vyote. "Ile ya mudomo ya tantine."

Mama yake mdogo, yule bibi harusi, alikuwa na rangi ya mdomo nyekundu iliyoiva. Tulicheka. Mama Zaina aliongeza nyekundu, akaongeza chembe ya kakao, akampaka mtoto nyuma ya mkono; mtoto akalinganisha kwa makini na akasema bado. Akaongeza. Bado. Mara ya mwisho Naomie alitikisa kichwa kukubali, akaramba mkono wake. Na siku ya kuipamba keki ile, rangi zilishika. Zilishika kuliko siku zote za mwaka ule. Maua mekundu yalisimama juu ya krimu nyeupe, na majani yalikuwa kijani kweli, na mpaka jioni hakuna kilichopauka. Mama Zaina alisema alhamdulillah, akakaa sakafuni akanyoosha miguu, akaimba chini chini wimbo wa kwao. Nimeikumbuka furaha hiyo mara nyingi, na kila mara inanichoma.

Kwenye harusi watu wazima walikula nyama na bukari, wakaonja keki kidogo. Watoto ndio waliogombea maua. Kesho yake, kabla ya jua kuzama, watoto wa mtaa walikuwa wanatapika na kuhara, na baadhi yao walibebwa hospitalini kwa pikipiki. Naomie aliugua kuliko wote. Macho yake, walisema, yalikuwa yameingia ndani, na wauguzi walitafuta mshipa wa kumwekea maji wakaukosa mara kwa mara. Mimi nilisikia maneno nikianika nguo, kutoka upande wa pili wa ukuta. Sauti moja ilisema, "Bale banatia rangi ya nguo mu gato, ile ya bei kidogo." Nyingine ikajibu, "Rangi ya gari. Bwana yake haiko na gari? Ile nyekundu uliona wapi nyekundu vile mu chakula?" Nilibaki nimeshika shuka lililolowa mpaka likanilowesha nguo. Nyekundu ile nilikuwa nimeikoroga mimi.

Mama Zaina alipika supu ya kuku akaipeleka hospitalini. Alirudi nayo. Mama Naomie alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi akamwambia, bila hasira hata kidogo, "Rudia kwako, mama. Leo siwezi kukuona." Aliiweka sufuria chini jikoni na kusema, "Hakunitukana, Monique. Afazali angenitukana." Tata Ramazani alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma. Aliuliza mtoto yuko vipi, akaambiwa, akainuka akaenda kusimama karibu na lori. Nilidhani ana huzuni ya jirani, kama sisi.

Walikuja asubuhi, wakati wa chai. Mbele alikuwa shefu, mkuu wa mtaa wetu, mzee aliyevaa koti juu ya pajama zake, na nyuma yake wanawake, na katikati yao bibi yake Naomie, ambaye tulimwita Nkambo. Shefu alisema kwamba watu wanataka kuzichoma chupa zile na chumba pamoja nazo, na kwamba yeye amewaomba waje kwanza kwa amani. Mama Zaina aliniambia nilete bati la biskuti. Nililifungua juu ya meza uani, chupa zote, vipakiti vyote, na kila aliyetaka alivishika na kuvinusa. Kisha akaomba glasi. "Tia," aliniambia, "nyekundu ya kwanza. Tia mingi." Nilichukua maji ya dumu nikatia nyekundu mpaka ikawa kama damu. Alisema bismillah akainywa yote mbele yao. Nikamtilia manjano, akanywa. Buluu, akanywa, meno yake yakawa ya buluu na mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni akacheka, akanyamazishwa. Kijani. Mwishoni aliweka glasi chini. "Mutanikalia hapa mpaka kesho," alisema. "Kama rangi yangu njo iliua batoto, muone naanguka."

Wanawake walitazamana. Nilihisi hewa inabadilika. Ndipo Nkambo aliposogea mbele, mwanamke mwenye umbo dogo, mkavu, akaelekeza kidole kwenye dumu la manjano. "Ile mayi, ilitoka wapi?"

"Ku forage, nkambo."

"Na ya gato?"

Mama Zaina alifikiri. Hakuwa na la kuficha, kwa hiyo alijibu kama anavyojibu mtu asiye na la kuficha. "Ya kisima. Kidogo tu, ya kulainisha."

"Basi kunywa ya kisima."

Nilikwenda kuchota mimi. Maji yalikuwa safi, yanang'aa, hayana harufu yoyote. Nilijaza glasi, nikatia nyekundu, nayo ikatulia humo ikiwa nyekundu nzuri bila kupauka. Mama Zaina aliipokea akaiinua.

"Usinywe, Zaina."

Tata Ramazani alikuwa mlangoni. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. Mama Zaina aligeuka na glasi ikiwa bado karibu na mdomo wake. "Juu ya nini?" aliuliza. Shefu naye akamtaka aseme sababu, kwa heshima, "Juu ya nini, tata?"

Akasema. Alisema akiwa anatazama sakafu. Njia ya wachimbaji chini ya ardhi, alisema, ilipita kati ya choo na kisima, na mvua zilipoanza, udongo ulifunguka, na vijana walimpandishia habari kwamba uchafu wa choo unatiririka upande wa kisima. Shefu alikuwa amekataza watu kuchimba karibu na vyoo. Angesema, shimo lingefungwa siku hiyo hiyo, na jiwe zuri lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuonekana. Kwa hiyo alikataza nyumba yake isiyanywe maji yale, na kila alipopata javeli aliimwaga humo kabla ya mapambazuko. Kisha mvua zikapungua, javeli ikaisha, akafikiri kisima kimepona.

Nilikuwa nimesimama karibu na meza, na nilielewa kila kitu kwa mpigo mmoja: waridi iliyokufa, buluu iliyogeuka kijivu, macho ya Mama Zaina dirishani. Na siku ya harusi, tulipomshukuru Mungu kwa rangi zilizoshika. Zilishika kwa sababu siku hiyo kisimani hakukuwa na kitu cha kuziua, wala cha kuua uchafu.

Mama Zaina aliweka glasi mezani kwa uangalifu, isimwagike. "Sisi ulitukataza," alisema. "Na bale batoto?"

"Sikuwaza," Tata Ramazani alisema. "Nilisema gato haiko mayi."

Sitaki kueleza kwa urefu yaliyofuata. Kuna waliomshika shati, na shefu aliwazuia kwa mwili wake mwenyewe. Shimo lilifungwa, kisima kikafunikwa kwa mabati na mawe, vijana wakahamia ua jingine na nyundo zao. Tata Ramazani alipelekwa kwenye chumba cha kizuizini, akakaa huko kwa muda, akarudi amekonda, na tangu siku hiyo alikuwa anakaa kwenye ukingo wa kitanda katika chumba chao chenye giza, milango imefungwa, asiongee. Watoto walipona mmoja mmoja. Naomie alikuwa wa mwisho kutoka hospitalini. Hakuna aliyekuja tena kuagiza keki. Mama Zaina aliendelea kufagia chumba cha mbele kila asubuhi na kuifuta meza ambayo haikuwa imechafuka.

Mimi nilikuwa na hasira ya ujana, ile isiyo na mlango wa kutokea. Siku moja tukichambua lenga-lenga, mchicha wetu, nilimwuliza kwa nini haondoki, ilhali kaka yake alikuwa amemwita aende kwao. Aliendelea kuchambua majani. "Angenyamaza," alisema, "mi ningekunywa ile glasi, pengine ningeumwa tumbo, yangekwisha. Bantu bangerudia kwabo. Alikuwa na njia ya kunyamaza. Akasema."

"Alichelewa, mama."

"Njo," akakubali. "Alichelewa." Akaisukuma sahani ya majani upande wangu. "Haya yote mawili niko nayo mu nyumba. Sijui nitupe gani."

Nimeolewa sasa kwa muda mrefu kuliko yeye alivyokuwa ameolewa wakati ule, na bado sijui kama jibu lile lilikuwa hekima au uchovu. Nimelibeba hivyo hivyo.

Kiangazi kilipokuwa kimeanza, nilikutana na Mama Naomie kwenye foleni ya maji pale kanisani. Alinisalimia kwa kichwa. Dumu lake lilipojaa hakuondoka. "Mutoto anaomba gato," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kila siku. Hakumaliza yake. Mi naogopa, na yeye haogopi." Kisha akasema, "Kuya uipikie kwangu. Mu macho yangu."

Nilimwambia Mama Zaina. Aliinuka akaenda kulichukua bati la biskuti, akanipa lote. "Umwache mutoto achague," alisema. Nilimwomba tuende pamoja, akakataa. "Mama yake akitaka kuniona, atasema."

Mama Naomie alichemsha maji mwenyewe, akayafunika, akakaa karibu nayo mpaka yakapoa. Alivunja mayai mwenyewe na kunusa kila moja. Nilipopepeta unga alisimama nyuma ya bega langu, nilipopaka sufuria majarini alikuwa pale pale, na sikuona vibaya. Nilitaka aone kila kitu. Naomie alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu yake imekuwa kama vijiti, nywele zimepungua. Nilipompangia visahani hakutazama nyekundu. Alichagua buluu. Nilimpa kijiti akakoroga mwenyewe, nami nikamwambia angoje kidogo, rangi bado inapanda, naye akangoja.

Keki ilipokuwa tayari Mama Naomie alikata kipande, akanipa mimi. "Kula." Nilikula chote, na krimu yote, na midomo yangu ikawa ya buluu. Kisha tukakaa. Hakuna aliyesema tunangoja nini. Jirani alipita akasalimia, kuku akaingia akafukuzwa, kivuli cha nyumba kikatoka mlangoni kikafika katikati ya ua. "Bado?" Naomie aliuliza. "Bado," mama yake akajibu. Baadaye alikata kingine akala yeye, akitafuna polepole, na machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika. Cha mwisho, kidogo kabisa, alimpa mtoto.

Naomie alikula sehemu ya chini yote, akaacha krimu ya buluu pembeni ya sahani. Alimtazama mama yake. "Nilambe?"

Mama Naomie alikuwa ameshika mguu wa meza. "Lamba," alisema.

Nilirudi nyumbani jua likiwa linashuka. Mama Zaina alikuwa barazani, hana kazi mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sikuwahi hata kumwamkia.

"Alikula?" aliuliza.

"Alikula, mama."

"Na rangi?"

"Na rangi."

Aliinamisha kichwa, akajifunika uso kwa upindo wa kitenge chake, akakaa hivyo. Nilisimama mbele yake nimekumbatia bati. Alipojifunua uso wake ulikuwa mkavu. Aliinuka, akavua kandambili mlangoni, akaingia ndani kumwambia Ramazani.